Tulipanda mikoko 3,000, leo imebaki 40: tatizo ni mbolea?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama na vijana huku Sudi, mkoa wa Lindi. Mwaka jana mwezi wa nne tulipanda mikoko 3,000, yote ile yenye mbegu ndefu. 2,200 tukaiweka mbele kabisa kwenye tope peupe ambako maji yakipwa panakuwa kama uwanja wa mpira, na 800 tukaiweka nyuma kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Ya mbele ilitoa majani tukafurahi, alafu ikaanza kugandwa na vidude vyeupe vigumu, ikalala, ikang'oka. Ya nyuma ilikauka ndani ya wiki chache. Tumehesabu imebaki 40 tu, yote iko pembeni ya kijito karibu na mikoko mikubwa ya zamani. Wengine wanasema tuweke mbolea, wengine tumwagilie maji baridi, wengine tununue viriba (vile vifuko vya kuoteshea miche) tuanze upya. Tufanyeje? Watu wanakata tamaa, na mbuzi nao wanamalizia.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Najua kupanda mikoko 3,000 ni kazi gani, kuzama kwenye tope mpaka magotini, mgongo umepinda, jua la huku kwetu mnalijua wenyewe. Kwaiyo naanza na hili, mikoko yenu haijafa kwa uvivu wenu wala kwa mkono mbaya wa mtu, na mbolea haihusiki kabisa. Mbolea ukiiweka leo maji yakijaa jioni yameshaondoka nayo. Maji baridi vilevile, utamwagilia ndoo ngapi ushindane na bahari? Weka hela yenu mfukoni kwanza.

Jibu lako umeliandika mwenyewe, pale uliposema hiyo 40 iliyobaki yote iko pembeni ya kijito karibu na mikoko ya zamani. Hapo ndo bahari imewaonyesha mkoko unataka kukaa wapi.

Mikoko siyo mti mmoja mwanangu, na wazee wetu walilijua hili ndo maana kila mmoja una jina lake. Ule wa mbegu ndefu wenye mizizi kama miguu ya buibui ndo mkoko wenyewe, wengine wanauita mkaka. Kuna mlilana, huo ndo unasimama mbele kabisa unapigwa na mawimbi. Kuna muia, kuna mkandaa, kuna mchu wenye vimizizi vinavyochomoza juu ya tope kama penseli, kuna mkomafi wenye matunda kama mipira. Ukitoka baharini kwenda nchi kavu mara nyingi unakutana na mlilana kwanza, nyuma yake mkoko kwenye tope laini na kando ya vijito, alafu muia na mkandaa, na mchu unaukuta zaidi kule nyuma kwenye chumvi kali (ingawa mchu ni mjeuri kidogo, pwani yetu hii unaweza kuukuta na mbele pia). Nyie mkachukua mkoko mkaupeleka mbele ya mlilana. Sehemu ambayo hata mlilana wenyewe haujathubutu kwenda.

Sasa kwa nini pale hapafai? Huku maji ya bamvu, yani yale yanayojaa sana na kupwa sana mwezi ukiandama au ukipevuka, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Uwanja ule uko chini sana, yani maji yanauacha wazi kwa muda mfupi tu alafu yanaufunika tena kwa masaa mengi. Mkoko mdogo unapumua kupitia vitundu kwenye shina na mizizi, ukikaa umezama muda mwingi kuliko unaoweza kuvumilia unachoka, na hapo ndo vile vidude vyeupe vinavyoganda kwenye mitumbwi vinapata nafasi, vinashika shina kwa sababu maji yanavilisha muda wote, vinaongeza uzito mpaka mti unalala. Ongeza na hili, mlipanda mwezi wa nne, muda si mrefu upepo wa kusi ukaingia na mawimbi yake, mti haujashika mizizi. Vidude vile visingekuwepo bado ingekufa, ila vimeharakisha. Mtu akikwambia uvikwangue kwa kisu mkatae, utachubua shina bure na mwezi ujao vimerudi.

Kipimo mnachohitaji hakina gharama. Mikoko mingi inakaa vizuri sehemu ambayo maji yanaifunika kama theluthi moja ya muda au pungufu, lakini nyie msihangaike na hesabu hiyo, nendeni mkaulize ile mizima. Subirini bamvu, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, siku moja mbili baadaye ndo maji yanajaa zaidi. Mtu mmoja na fimbo yenye alama asimame kwenye mkoko mzima kando ya kijito, mwingine na fimbo ya namna hiyohiyo asimame mnapotaka kupanda, na wachague siku isiyo na upepo. Maji yakifika mwisho wa kujaa, wote wasome kina kwa wakati mmoja, mpigiane simu ikibidi. Kama kwenye mikoko mizima kina ni sentimita 80 na kwenu ni mita 2, basi eneo lenu liko chini kwa zaidi ya mita moja, hapo hata mpande mara kumi. Kama vipimo vinakaribiana, endeleeni. Ni fimbo mbili tu na subira ya jioni moja, na kipimo hiki mngekifanya kabla ya kupanda leo mngekuwa na msitu.

Na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naona jambo hili linarudiwa sana. Wanakuja wageni na gari, wanataka eneo la wazi maana kwenye wazi picha inatoka vizuri na kupanda ni rahisi, hakuna mizizi ya kuruka. Sio huku tu. Ufilipino wamepanda hivyohivyo miaka na miaka, mkoko kwenye uwanda wa wazi mbele ya bahari, na sehemu kubwa ilikufa kwa sababu hiihii. Tena ule uwanja peupe sio eneo tupu mwanangu, mnapita hapo kuokota chaza na tondo, ndege wanaotoka mbali wanakula hapo maji yakipwa. Uacheni uwe uwanja.

Tuje nyuma kwenye mashamba ya chumvi, huko ndo roho yangu ilipo, kwa sababu huko kulikuwa na mikoko kweli na inaweza kurudi. Yale matuta yaliyojengwa kuzuia maji bado yapo, sivyo? Shamba likiachwa na matuta yake, maji ya bamvu kubwa yanaruka yanaingia, yakishaingia hayatoki, jua linayakausha, chumvi inabaki. Bamvu nyingine hivyohivyo. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, sasa udongo wa humo ndani unapita hapo mara kadhaa, ndo ule weupe mnaouona juu kama unga. Mkoko wa mbegu ndefu unachuja chumvi kwenye mizizi lakini una mwisho wake. Wiki chache tu umekauka, kama ulivyosema.

Dawa ya pale ni jembe, kupanda ni baadaye. Tafuteni wazee wanaokumbuka kijito kilipita wapi kabla ya shamba, au angalieni wenyewe, mara nyingi alama ya mkondo wa zamani bado inaonekana kama bonde dogo. Hapo ndo mkate tuta, sehemu mbili tatu, kina cha kutosha maji yaweze kutoka yote yakipwa na sio kuingia tu. Msikate popote mnapoona pamelegea. Alafu acheni mvua za msimu zioshe, huku kwetu msimu wetu ni mmoja, kuanzia Novemba Desemba mpaka Aprili hivi, kwaiyo kazi ya jembe ifanyike kabla ya Novemba. Kule Florida, Marekani, mtaalamu mmoja aliyeitwa Robin Lewis alifanya namna hii eneo la West Lake, walishusha udongo uliokuwa umejazwa wakafungua mikondo, mikoko ikarudi yenyewe bila kupandwa. Mbegu zinaelea, maji yakiwa na njia yanazileta.

Kwaiyo baada ya kufungua, subirini msimu mmoja mtazame. Vikitokea vichipukizi vyenyewe, hata vichache, eneo limepona, na hapo kazi yenu ni kujazia tu penye mapengo. Visipotokea wakati mikoko mizima iko karibu, kuna kitu bado, rudini kwenye matuta. Na cha kujazia humo ni mchu, sio ule wa mbegu ndefu. Mchu unatoa chumvi kupitia majani, ramba jani lake utasikia mwenyewe, na unavumilia chumvi hata mara mbili ya ile ya bahari. Hapo sasa viriba vina maana, kwa sababu mbegu ya mchu ni ndogo inasombwa kirahisi, ukiikuza kwenye kiriba miezi kadhaa sehemu ambayo maji ya chumvi yanaifikia, inakwenda shambani imekomaa. Viriba mvikusanye vyote mkimaliza, plastiki isibaki kwenye tope. Kwa mkoko wa mbegu ndefu kiriba ni kupoteza hela, mbegu yenyewe tayari ni mche, imeanza kuota ikiwa juu ya mti. Mkijazia kando ya kijito chukueni iliyokomaa, ile yenye pete ya njano pale inapokutana na tunda, ukiivuta kidogo inaachia. Ikigoma iacheni. Chomeka kama theluthi yake tu ndani ya tope, ncha iliyochongoka chini, hatua moja kati ya mche na mche.

Mbuzi nao. Mbuzi wanapenda sana majani ya mchu, kwaiyo mkifungua yale mashamba bila kuongea na wenye mbuzi mtakuwa mmewaandalia malisho. Liende kwenye mkutano wa kijiji, wafungiwe au wachungwe upande mwingine kwa misimu miwili ya mwanzo, naona hilo linasaidia kuliko uzio wa miba ambao bamvu itauchukua.

Kabla ya jembe kugusa tuta nendeni ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) ya wilaya na serikali ya kijiji, na kama mna BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia pwani, iwepo. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali na yale mashamba ya chumvi yanaweza kuwa na mtu mwenye kibali hata kama hajaonekana miaka, hamtaki kuanza kazi nzuri kwa kesi.

Hiyo 40 msiione ndogo. Ikishika mizizi, kaa koko watachimba chini yake, kamba wadogo watajificha humo kabla hawajatoka kwenda bahari kuu, na ndani ya miaka michache itaangusha mbegu zake hapohapo kijitoni. Msiikate hata mmoja kwa kuni. Sasa bamvu inayokuja nendeni na fimbo mbili mpime, andika kina cha kijitoni, cha uwanjani na cha ndani ya shamba la chumvi, alafu nitumie hizo namba tatu na picha ya tuta lilivyo maji yakiwa yamepwa, nitawaambia tuanze kukata wapi.