Kiwanja Chako, Kibali Chao

Kibali changu cha mabadiliko ya matumizi ya kiwanja kimetoka. Muhuri kila ukurasa. Nimekipiga picha na kuwatumia hata watu ambao hawakuuliza. Mmoja wao akanijibu kwa ukali: "Nyumba ni yangu, hati ninayo, kodi nalipa. Niombe ruhusa ya nini kugeuza sebule yangu kuwa ofisi?"

Ndugu yangu, hati inasema kiwanja ni cha nani. Unachoruhusiwa kufanya juu yake kimeandikwa kwingine, kwenye mpango wa matumizi ya ardhi na kanuni za ujenzi za eneo lako. Ukikaa peke yako na kompyuta sebuleni, sehemu nyingi hakuna atakayekugusa. Ukiajiri watu, ukatundika bango na wateja wakaanza kuegesha magari, hapo matumizi yamebadilika.

Na mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1915 New York ilikamilisha jengo la Equitable, ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingoni mwa barabara bila kurudi nyuma hata kidogo. Majirani wakabaki kivulini mchana kweupe. Mwaka uliofuata jiji likapitisha kanuni za kugawa maeneo, yaani wapi pajengwe nini na kwa ukubwa gani, na majengo marefu yakalazimika kupungua upana kadiri yanavyopanda. Wapo wanaopenda kunitajia Houston, jiji la Marekani lisilo na kanuni za kugawa maeneo. Huwa hawamalizii kwamba mitaa mingi ya huko ina masharti ndani ya hati zenyewe, na jiji linaweza kumpeleka mwenye nyumba mahakamani kwa kuyavunja.

Turudi kwangu. Kiwanja changu ni cha kona, na kona kila mtu huisifia mpaka afike mezani kwa afisa mipango. Kona ina mbele mbili: unajenga ukirudi nyuma kutoka barabara zote mbili, halafu pale zinapokutana unaacha pembe wazi ili dereva aone anayekuja. Ukishatoa hayo yote, kiwanja kikubwa kimekuwa leso.

Afisa aliweka rula yake ya vipimo juu ya mchoro. Nilidhani atapima umbali wa kutoka barabarani kuanzia ukutani. Akaanzia kwenye ngazi ya nje. "Na hii je?" Msanifu wangu akakohoa. Ngazi ile ilikuwa na paa, na kwa kanuni zao chenye paa ni sehemu ya jengo. Tukaiingiza ndani, chumba kimoja kikaliwa, lakini mchoro ukapita.

Kisha tangazo la maombi likabandikwa getini, na jirani akaweka pingamizi. Jirani huyohuyo ambaye alipofiwa nililala kwake matanga! Aliandika barua ndefu kuhusu magari, kelele na "hadhi ya mtaa". Haki ya kuandika alikuwa nayo. Hata hivyo angeweza kugonga mlango kwanza, na mpaka leo tunasalimiana kwa kupungiana mkono tu. Bahati mbaya kwake, maegesho nilikuwa nimeshayachora nyuma ya nyumba, yakiwa na nafasi ya gari kugeuka na kutoka likitazama mbele. Hoja yake ya magari ikafa palepale.

Ndiyo maana nawaambia: kasomeni mpango wa eneo. Kabla ya kununua, usome. Kabla ya kumlipa mchoraji, usome. Usimuulize dalali, yeye anataka uuziwe. Usimuulize fundi, yeye anataka kuanza. Na usijitetee kwa duka la jirani, maana huenda lilikuwepo kabla ya kanuni. Mahali pengi duka la namna hiyo huachwa liendelee, na likifungwa muda mrefu haki hiyo hupotea. Ukiomba kulegezewa sharti, zungumzia mteremko au umbo la kiwanja. Habari ya mfuko wako kutoboka haimsaidii afisa kukusaidia. Ila kwanza, nasema tena, usome.

Shemeji yangu, ambaye najua anasoma hapa, alinicheka. "Wenzako wanajenga mwisho wa wiki, ofisi zikiwa zimefungwa." Sasa anauza nyumba. Benki ya mnunuzi inadai cheti cha kukamilika kwa jengo, na ghorofa ya juu haimo kwenye mchoro wowote uliopitishwa. Mimi sijasema kitu, nimemtumia tu ile picha ya kibali.

Changu nacho kina ukomo. Nisipoanza kazi ndani ya muda ulioandikwa, naomba upya. Kwa hiyo msingi unachimbwa Jumatatu, na mkaguzi ameshaarifiwa aje kuona nondo kabla zege halijamwagwa. Fundi amenuna kwamba tunamchelewesha. Anune tu, malipo yake ya pili yanatoka mkaguzi akishatia saini.