Nafuu ya wapi, mwanangu?

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa barazani peke yangu, watu wamekwenda kuswali. Umesema mwenzako wa zamu huko Leipzig alikwambia wakati wa chakula kwamba nyinyi Waafrika mshukuru mko Ujerumani, maana Marekani mngekiona cha moto. Hukumjibu. Jioni ukaniuliza mimi: "Mama, umefundisha historia miaka 30. Ni kweli Ulaya ni nafuu?"

Nimechelewa kujibu kwa sababu ndiyo au hapana ingekuwa ya kukudanganya.

Mwenzako hakuzusha. Marekani iliuandika ubaguzi wake, ikaupiga muhuri na kuubandika mlangoni. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, lakini mwaka 1896 Mahakama ya Juu ikaruhusu mabehewa ya weupe yawe mbali na ya weusi. Mpaka 1967 majimbo 16 bado yalikuwa na sheria ya kukataza mweupe na mweusi kuoana. Mwaka 1961 balozi wa Chad, akiwa njiani kutoka New York kwenda Washington, alisimama Maryland kunywa kahawa akanyimwa. Balozi, baba! Na gari lake la ubalozi liko nje.

Lakini jiulize kwa nini habari za Marekani tunazijua sote. Kule mtumwa aliishi uani kwa bwana wake. Bwana akifungua dirisha anamwona, akilala anamsikia mwanawe akilia. Hata vita vilivyomkomboa vilipiganwa kwenye mashamba yao wenyewe. Waingereza walimweka mtumwa wao Jamaica na Barbados, na kilichofika London ni sukari. Mtu aliweza kunywa chai maisha yake yote asiuone mjeledi. Bunge lao lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa mwaka 1833, fidia ya pauni milioni 20 walilipwa mabwana. Watumwa hawakupata hata senti. Mkopo uliokopwa kwa ajili hiyo ulimalizwa kulipwa mwaka 2015, wewe ukiwa unamaliza sekondari.

Kwa hiyo ukitaka kuujua ubaguzi wa nchi ya Ulaya, tazama ilifanya nini wale watu wa mbali walipokuja kupiga hodi.

Mwaka 1948 Uingereza ilitunga sheria iliyowapa watu wa makoloni uraia, na meli ya Windrush ikatia nanga Tilbury na mamia ya watu wa Karibi. Kufika 1962 mlango umeanza kurudishwa. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya, majirani zetu, walikuwa wakikimbilia kule wakiwa na pasi za Uingereza mikononi. Bunge lilipitisha muswada kwa siku 3 tu: mwenye pasi ya namna ile haingii kwa uhuru mpaka awe na mzazi au babu wa Uingereza, kama vile aliyezaliwa kule. Rangi haikutajwa. Haikuwa na haja ya kutajwa, maana babu wa nani alizaliwa wapi kila mtu alikuwa anajua.

Na hili sijapata kukusimulia. Mwaka 1987, nilipokuwa Leeds kwa masomo, nilipiga simu kuulizia chumba. Mama mmoja akasema kipo, njoo. Nilipanda kilima mpaka kwake na begi langu. Akafungua mlango, akanitazama mara moja, akasema samahani sana, kimechukuliwa nusu saa iliyopita. Aliponiona nahema akaniletea maji kwenye glasi, nikanywa pale pale kizingitini, nikamshukuru. Jioni mwenzangu wa darasani, msichana wa Scotland, akapiga namba ile ile. Chumba kipo. Sheria ya kukataza ubaguzi wa rangi katika kupangisha nyumba ilikuwapo tangu 1968, na yule mama hakunitolea hata neno moja baya. Mpaka leo ile glasi ya maji inaniuma kuliko matusi niliyotukanwa kwenye basi.

Ufaransa ina mtindo mwingine. Nchi iliyotunga Code Noir mwaka 1685, sheria iliyomhesabu mtu kama mali ya kurithiwa, nchi iliyofuta utumwa 1794 na kuurudisha 1802, nchi iliyowadai Wahaiti faranga milioni 150 mwaka 1825 kwa kosa la kujikomboa, leo inasema haioni rangi. Sensa yake haimuulizi mtu rangi yake. Wanaoitetea husema mtu asipewe fungu la rangi na serikali, na wakikumbuka Wayahudi walivyoandikishwa kwenye madaftari wakati wa vita, nawaelewa. Lakini anayenyimwa kazi kwa jina lake anawaonyesha nini, kama hakuna aliyehesabu?

Waulize Wangazija wa Marseille, ndugu zetu hawa. Februari 1995 kijana wao, Ibrahim Ali, miaka 17, alikuwa anatoka mazoezi ya muziki na wenzake, wanakimbilia basi. Wakakutana na wanaume waliokuwa wakibandika mabango ya Front National, chama kilichopinga wahamiaji. Akapigwa risasi ya mgongo. Barabara ile ilipewa jina lake mwaka 2021, baada ya miaka 26 ya wazee na vijana kuomba.

Sasa nije huko uliko, kwa sababu ndiko hasa nilikotaka kufika.

Wajerumani wamefundishana habari za mauaji ya Wayahudi kwa bidii ambayo sijaiona penginepo, na kwa hilo nawaheshimu. Lakini sidhani mwenzako alifundishwa Maji Maji, vita vya 1905 mpaka 1907, vijiji na maghala yaliyochomwa, njaa iliyoua watu ambao baadhi ya wanahistoria wanawakadiria kufika 300,000. Rais wao, Steinmeier, alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Nililia mbele ya televisheni, na wala sisi si Wangoni.

Na mwenzako anapoilinganisha Marekani na kwao kama usiku na mchana, mwambie kwamba wanasheria wa Wanazi, wakiandaa sheria za rangi zilizotoka Nuremberg mwaka 1935, walikaa mezani wakazijadili sheria za ndoa za majimbo ya Marekani.

Sheria hizo zilimfikia mtu wetu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe akaingia vitani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yao ya vita. Hebu fikiri: mtu amevuka bahari kuja kudai jasho lake na la baba yake. Hawakumlipa. Akabaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akacheza kwenye filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Lugha hii hii ninayokuandikia, Wajerumani waliketi mbele yake wakafundishwa ngeli. Akaoa, akazaa. Kisha mwaka 1941 akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Alikuwa amewapigania, baba. Ndiyo maana neno "mshukuru" limenikaa kooni tangu niusikilize ujumbe wako. Huko umekwenda kuuguza wazee wao, unawageuza usiku wasipate vidonda vya mgongo. Mshahara unaupata kwa kazi, na heshima unayopewa si sadaka. Wapo wengi wema, wewe mwenyewe umenitajia yule muuguzi mkuu aliyekutetea. Lakini usimkubalie mtu akupimie dharau yake kwa kipimo cha nchi nyingine. Mfaransa atakuonyesha Marekani, Mwingereza vivyo hivyo, na wote wakinyoosha kidole kule hakuna anayetazama mlango wake.

Nina ombi. Kutoka Leipzig mpaka Berlin kwa treni hazifiki saa mbili. Ukipata siku ya mapumziko nenda mtaa wa Brunnenstraße, nyumba namba 193. Mbele yake, kwenye njia ya waendao kwa miguu, kuna kijiwe cha shaba kama ukubwa wa kiganja, kilichowekwa mwaka 2007, kina jina la Husen. Usipoangalia chini utakipita. Chukua kitambaa ukisugue, shaba hupoteza mng'aro. Kisha msomee Fatiha. Na kama yule mwenzako wa zamu atakuwa na nafasi, nenda naye.

Nitumie picha.

Mama yako,
Tanga