Kwa mnaoanza kazi ya vihisi: hesabu ndogo kwanza, kubwa baadaye

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu hapa Tudor, Mombasa, hufika na hamu ya kupasua ishara ya kihisi kuwa masafa, yaani kasi mbalimbali za mtetemo zilizomo ndani yake. Ni elimu nzuri, na siku ya kusikiliza beringi inayolia ndani ya mashine utaihitaji. Lakini Arduino Uno R3, ubao mdogo wa kompyuta tunaoufungia vihisi, ina baiti 2,048 tu za kumbukumbu ya kazi, na tunachoitiwa mara nyingi ni tangi, pampu na mota. Hapo namba inaingia, unaifanyia hesabu mbili tatu, unaamua, basi.

Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilifunga kihisi cha mwangwi, kinachopima umbali kwa sauti inayorudi, juu ya tangi la nyumba ya ghorofa kule Kisauni. Maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hiyo pampu isipowaka kwa wakati wake, watu hulala bila maji. Niliweka kiwango kimoja cha maji: chini yake washa pampu, juu yake zima. Usiku huohuo mlinzi alinipigia simu kwamba kontakta, ile swichi inayowasha pampu, inagonga bila kupumua. Maji yakimiminika, uso wa tangi hutikisika, na kila mtikisiko ulikuwa unavuka kile kiwango. Weka viwango viwili vilivyoachana: iwake kwenye asilimia 40, izime kwenye 90.

Hata hivyo namba ziliendelea kunidanganya, na hapa ndipo nakuomba utulie. Chukua vipimo 10: tisa vinasema sentimita 120, kimoja kimepata mwangwi wa ukuta kikasema 20. Wastani ni 110. Kipimo kimoja kibovu kimewaharibia wenzake wote. Badala yake vipange vipimo vitano kwa ukubwa, uchukue cha katikati. Kile kibovu kinaishia pembeni, hakimgusi mtu. Baada ya hapo ndipo upige wastani, usigeuze mpangilio huo.

Wastani wenyewe usiujumlishe upya kila mara. Kwenye jumla uliyonayo, toa kipimo kikongwe, ongeza kipya. Kumbukumbu ikibana zaidi, tunza jumla moja tu: iondolee sehemu yake ya 16, iongezee kipimo kipya, na jibu lako ni jumla hiyo gawanya kwa 16. Wengi hutunza jibu lenyewe na kuliongezea tofauti yake na kipimo kipya, gawanya kwa 16. Kwa namba nzima, tofauti ikiwa chini ya 16 unapata sifuri, na jibu linakwama palepale. Mimi kosa hilo lilinipotezea siku mbili nikibadilisha waya zisizo na kosa. Kipimo kikubwa kabisa cha Uno ni 1,023. Mara 16 ni 16,368, bado inaingia kwenye namba ya biti 16, inayofika 32,767.

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja milisekunde 20. Mvumo wake ukiingia kwenye waya wa kihisi, soma kila milisekunde 1 na upige wastani wa vipimo 20: kupanda na kushuka kunafutana. Mkondo wa mota nao, zidisha kila kipimo kwa chenyewe, piga wastani, kisha tafuta kipeuo cha pili cha wastani huo, lakini juu ya mizunguko kamili. Ukikatia milisekunde 15, jibu litacheza hata mota ikiwa imetulia.

Simama Likoni utazame maji. Mawimbi yanakuja na kuondoka, lakini kujaa kwenyewe huchukua saa sita na kitu. Wastani mrefu hufuta mawimbi ukabakiza kujaa, na malipo yake ni kuchelewa: vipimo 16 hukurudisha nyuma vipimo saba na nusu. Tangi linalosomwa mara moja kwa sekunde halijali. Mota iliyokwama inajali sana, kwa kuwa sekunde saba hizo koili inaweza kuungua. Kwa hiyo ulinzi wa mota upe njia yake fupi, mzunguko mmoja au miwili tu, na usiupitishe kamwe kwenye wastani wa tangi.