Muulize Fundi: Raundi ngapi kwenye koili za jenereta ya upepo?

Safari hii nimeweka pamoja maswali matatu ya ndugu zetu wa kusini wanaojitengenezea jenereta za upepo, maana yote yameangukia kwenye koili, yaani yale mafungu ya waya wa shaba uliosukwa raundi kwa raundi.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Msimbati, nimetengeneza jenereta ya sahani mbili, sumaku 12 kila sahani na koili 9 katikati. Kwenye video walisuka raundi 45 kila koili kwa betri ya volti 12, na mimi nikasuka hizo hizo, ila sumaku zangu ni nyembamba kuliko zao. Sasa haichaji mpaka upepo wa kusi upige kwelikweli, siku za kawaida mapanga yanazunguka bure tu. Nibadilishe mapanga?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mapanga yaache, shida ipo hapo uliposema sumaku zako nyembamba. Volti ya koili inategemea nguvu ya sumaku, spidi ya kuzunguka na idadi ya raundi, ukipunguza kimoja bila kuongeza kingine volti inashuka, na betri haipokei chochote mpaka volti ya jenereta iipite ya kwake. Kwa hiyo 45 ni namba ya sumaku zao. Hata Hugh Piggott, yule fundi wa Uskoti aliyeueneza sana mfumo huu wa sahani mbili, raundi zake zinaendana na sumaku zake na mapanga yake, ukibadili kitu na hesabu inabadilika.

Fanya hivi. Chukua mapanga ya kipenyo cha mita 2, kwenye upepo mwepesi wa mita 3 kwa sekunde, ncha ya panga zuri inakimbia kama mara 7 ya upepo, yaani mita 21 kwa sekunde, na ukigawa kwa mzingo wake wa mita 6.28 unapata mizunguko 200 hivi kwa dakika. Hapo ndo unataka ianze kuchaji. Betri ya volti 12 pamoja na zile zinazoliwa na daiodi za rektifaya (kile kifaa kinachogeuza umeme wa AC wa jenereta kuwa DC wa betri) inataka kama volti 14. Kwa fezi tatu, yaani makundi matatu ya koili, zilizofungwa nyota (miisho yake imeungwa pamoja), gawa 14 kwa 2.45, unapata kama 5.7 kila fezi, na kwa kuwa kila fezi ina koili tatu basi kila koili inatakiwa itoe volti 1.9 za AC.

Sasa suka koili MOJA ya majaribio, raundi 40, ishikize katikati ya sahani zako, zungusha sahani kwa drili ya spidi ndogo mpaka mizunguko 200 kwa dakika na upime kwa mita. Tuseme imesoma volti 1.2, ina maana kila raundi inatoa 0.03, gawa 1.9 kwa 0.03 unapata raundi 63. Ndo maana 45 zako zinangoja upepo mkubwa, hapo zinatoa volti 1.35 tu. Koili moja ya majaribio inakula waya kidogo sana, na mimi naona hakuna hatua muhimu kuliko hii kwenye kazi nzima, watu wanairuka halafu wanamwaga rezini (ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu) juu ya koili tisa ambazo hazitawafaa.

Raundi zikiongezeka na nafasi ni ile ile itabidi waya uwe mwembamba zaidi. Kwa huko kwenu baharini pia usiache sumaku wazi, zile za neodimiamu zinaliwa na kutu haraka mno kwenye hewa ya chumvi, zimwagie rezini zote.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi, naandika kutoka Newala. Waya mpya ni bei, hapa kuna mota ya pampu iliyoungua, naweza kufumua waya wake nikasukia koili?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana. Mota ikiungua vanishi ya waya inakuwa kavu kama ganda la korosho lililochomwa, ukiukunja tu inabanduka, raundi zinagusana na hiyo koili inapiga shoti yenyewe kwa yenyewe. Nunua waya mpya kwa mafundi wanaosuka mota, wanauza kwa kilo. Na ukitaka volti 24 badala ya 12, raundi ziwe mara mbili na unene wa waya ugawe kwa 1.4, kama ulitumia mm 1.4 chukua mm 1.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni binti, nipo Kilwa Masoko, nimeshamwaga rezini na kufunga kila kitu, lakini nikizungusha kwa mkono ni nzito na inakwamakwama, hata betri nikichomoa. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba binti yangu. Usivunje kitu kwanza. Chomoa zile waya tatu kwenye rektifaya uziache wazi, zisigusane, halafu zungusha tena. Ikiwa laini, daiodi imekufa, badilisha rektifaya umemaliza. Ikibaki nzito na sahani hazikwaruzi popote, basi kuna raundi zimegusana ndani ya rezini, zungusha dakika kadhaa uguse kwa kiganja, mahali penye joto ndo penye koili mbovu, na hapo kwa kweli ni kumwaga stata nyingine, yaani ile sahani ya rezini yenye koili.

Ukifikia huko, kwenye kalibu ya mbao panga waya mstari kwa mstari huku mtu mwingine anakushikilia waya ukazwe, usipande juu ya mwenzake, na kila koili ukiitoa ipime kwenye mzani wa duka, zote zilingane, ikipungua gramu nyingi ujue raundi umeruka. Ukizipanga, waya wa koili zote uzunguke upande mmoja. Unganisha mwisho wa koili ya 1 na mwanzo wa 4, mwisho wa 4 na mwanzo wa 7, halafu 2-5-8 na 3-6-9 vivyo hivyo, miisho ya 7, 8 na 9 iungwe pamoja. Vanishi ikwangue na msasa mpaka shaba ing'ae ndo utie risasi. Kabla ya rezini zungusha sahani upime volti kati ya zile waya tatu zilizobaki, yaani mianzo ya 1, 2 na 3, mbili mbili. Vipimo viwili vikiwa chini na kimoja kiko juu, ile waya inayoshirikiwa na hivyo viwili ndo fezi yenye koili uliyoigeuza, igeuze upime tena, zikilingana mwaga rezini.