Hamsini na mbili toa ishirini na saba

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Darasa la Pili hapa Singida, watoto 74 chumba kimoja. Nimewakusanyia vizibo vya soda ndoo nzima. Kwa vizibo, 52 toa 27 wanapata 25 vizuri tu. Kwenye daftari, nusu ya darasa wanaandika 35! Tena vizibo vinaishia mifukoni. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 35 tunafahamiana zamani. Mtoto kaona 2 toa 7 haiwezekani, akageuza: 7 toa 2, ni 5. Halafu 5 toa 2, ni 3. Kosa lake lina hesabu ndani yake, usimchape.

Tatizo ni kizibo: hakifungiki. Vizibo 52 ni lundo tu. Mtoto anaondoa 27, anahesabu vilivyobaki kimoja kimoja, na lile kumi hajaliona kabisa.

Sisi Tanga tulitumia njiti za chelewa. Huko kwenu minazi hakuna, chonga vijiti vya mabua ya mtama. Kumi unafunga pamoja. Rababendi usinunue, zinakatika. Kata pete za tyubu kuukuu ya baiskeli. Sasa 52 ni vifungu vitano na vijiti viwili. Mwambie mtoto, "Nipe saba." Atakuangalia, ataangalia vile viwili. Hapo unyamaze! Mimi ilinichukua miaka kujifunza kunyamaza hapo. Usimfungulie. Akifungua kifungu mwenyewe, ana vifungu vinne na vijiti 12. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa vifungu viwili, vinabaki viwili.

Mwenzake awe na daftari pembeni. Kifungu kikifunguliwa tu, papo hapo anakata 5 anaandika 4, na ile 2 inakuwa 12. Wasiandike baadaye, kumbukumbu inakuwa imeshapoa. Wiki ya pili wachore vifungu badala ya kuvishika, kisha namba tupu.

Kundi la watoto sita linatosha na vifungu kumi. Kila kundi liwe na mtunza stoo, na kipindi hakiishi mpaka vifungu vyote kumi vimefungwa upya. Kijiti kikiingia mfukoni, kifungu kimoja kitakuwa na tisa, na wenyewe watamtaja mwizi kabla yako. Siku ya kwanza waache wachezee dakika kumi, watajenga nyumba, watapigana panga, watachoka.