Maulidi ya skuli, Mwaka Kogwa na barua ya mzazi

Ndugu mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama skuli zifanye sherehe zenye asili ya dini au mila. Zifanye. Ila mkumbuke kwamba hapa Unguja na Pemba mvutano hausubiri Muislamu akutane na Mkristo. Waislamu wenyewe hawako pamoja: mzazi mmoja anaona Maulidi ni mapenzi ya Mtume, jirani yake anaona ni bidaa, yaani jambo lililozushwa katika dini. Kwa hiyo hata skuli isiyo na mtoto mmoja wa dini nyengine haiwezi kusema "sote wamoja" ikadhani imemaliza.

Nianze na Maulidi, maana ndiyo yenye kazi. Tarehe 12 Mfunguo Sita (Rabiul Awwal) yenyewe ni mapumziko, hivyo skuli husoma siku nyengine ndani ya mwezi huo. Kosa la kwanza ni kunakili ratiba ya mwaka jana. Mwaka wa mwezi umepungua kwa wa jua kwa siku 11 hivi, na kila mwezi una siku 29 au 30, kwa kuandama. Ngojeni uandame, ndipo mtangaze siku na kuagiza halua. Bado zitabaki wiki za kutosha. Kosa la pili ni saa. Skuli yenye mikondo miwili ikisoma Maulidi saa 8 mchana, wa asubuhi wanasherehekea na wa mchana wanapoteza vipindi. Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, inatosha kabisa: milango michache ya Barzanji, kitabu cha Maulidi, iliyogawiwa wanafunzi waliokwisha kufanya mazoezi, kiamu (kusimama kumsalia Mtume), kasida mbili tatu za dufu, dua. Mkizidisha, wadogo wanasinzia na wakubwa wanatoka nje kucheza.

Jumamosi ina faida nyengine. Asiyekuja hakukosa skuli, hivyo hakuna jina la kuandikwa utoro. Shughuli ikilazimika kuwa siku ya masomo, wasioshiriki wapewe kipindi cha kweli na mwalimu wa kweli. Kuwapa mafagio wafagie uwanja huku wenzao wanakula tende ni adhabu, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Chakula kwa watoto 300: tende tatu kila mmoja ni tende 900, kama kilo 7 hadi 8, halua gramu 30 kwa kichwa, kilo 9, sharubati ndoo tatu za lita 20, kwani ndoo moja inatoa gilasi 100 za mililita 200. Halua nyingi hutiwa lozi, korosho au njugu. Tengeni kilo moja isiyotiwa kitu kwa watoto wanaodhurika, na ikatwe kwa kisu chake, la sivyo kuitenga ni kazi bure. Chetezo cha uudi kikae nje ya mlango, upande unakoelekea upepo. Darasa likifungwa madirisha, moshi humkaba mwenye pumu. Mavazi ni sare ya skuli. Mkisema kanzu mpya na kofia ya kiua, kuna mtoto atakayebaki nyumbani, na si kwa sababu ya itikadi. Daftari la michango lisisomwe mstarini, na aliyetoa na asiyetoa wale sinia moja.

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ni habari nyengine, na hapa naona skuli zinapoteza zaidi. Kila ukitajwa, mawazo huenda kwenye ngoma ya kuwachezea wageni rasmi. Wakati humo ndani mna hesabu nzuri kuliko nyingi za vitabuni. Mwaka wenyewe, wa wakulima na wavuvi, una miongo 36, kila mwongo siku 10, zikabaki siku tano: jumla 365. Hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne, basi kwa hesabu hiyo unarudi nyuma siku moja kila miaka minne ukiulinganisha na kalenda ya ukutani. Mtoto wa darasa la sita akokotoe mwenyewe utakuwa umesogea siku ngapi kwa miaka 100. Kisha aitwe mkulima au mvuvi mzee aeleze mwongo upi ni wa kupanda na upi bahari huchafuka. Vipindi viwili vinatosha.

Yanayofanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai yaachwe Makunduchi. Kupigana kwa vigogo vya migomba kuna wazee wanaosimamia. Uwanjani kwa skuli, kigogo kikivunjika mtoto huokota fimbo. Kuchoma kibanda cha makuti msimu wa kusi, karibu na mapaa, ni hatari ya wazi. Na kuna wazazi, wa msikitini na wa kanisani, wanaoona uganga katika kutazama moshi umeelekea wapi. Mwalimu aeleze kwamba moshi hutazamwa na kwa nini. Asimvishe mtoto mavazi ya mganga ili aigize.

Krismasi haina taabu kubwa, kwani huangukia likizo. Sherehe ya kufunga skuli ikiwekwa Jumamosi, Msabato hatakuwepo, iwekeni Alkhamisi. Jambo linalosahaulika ni saumu. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, na mwanzo wa Ramadhani viliangukia wiki moja, na ratiba ya mitihani ya darasa ikipangwa bila kutazama kalenda zote mbili hulemea watoto wa pande zote. Kwa Diwali, katika skuli za Mji Mkongwe zenye watoto wa Kihindu, ruhusa ya siku moja na kipindi kimoja cha kueleza taa hizo vinatosha. Kama kuna chakula, pasiwe na nyama ya ng'ombe.

Yote haya yanategemea barua kwa mzazi, iende siku saba kabla. Ukurasa mmoja: siku, saa, kitakachosomwa, kitakacholiwa, mavazi, na sentensi isemayo kushiriki si sharti. Chini pawe na kipande cha kukata chenye visanduku viwili, "atakuja" na "hatakuja", pasipo mstari wa kuandika sababu. Kipande hicho kirudi kwa mwalimu wa darasa, si kwa mwalimu wa dini.

Msomaji, Chake Chake, Pemba