Maswali yenu kuhusu Stoke-on-Trent, Uingereza, miji ya vyombo vya udongo

Stoke ni jiji au ni miji?
Yote mawili. Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton iliunganishwa mwaka 1910. Hadhi ya jiji ikaja 1925.

Udongo mweupe unatoka Cornwall, mbali kusini. Mbona viwanda havikujengwa huko?
Kwa sababu ya moto. Kuchoma tani moja ya vyombo kulikula tani kadhaa za makaa ya mawe, na makaa yalikuwa papo hapo Staffordshire, jimbo lenye miji hii. Ilikuwa nafuu udongo uyafuate makaa. Mfereji wa Trent na Mersey ulipokamilika 1777, mizigo ikaacha kuvunjikavunjika kwenye barabara mbovu. Josiah Wedgwood, mfinyanzi aliyeupigania sana mfereji huo, alijenga kiwanda chake cha Etruria ukingoni mwake.

Matanuri yale yenye umbo la chupa yalifanyaje kazi?
Chupa unayoiona ni ganda la nje tu, la kuvuta moshi na kukinga upepo. Tanuri lenyewe limo ndani. Vyombo vilipangwa kwenye makasha ya udongo unaohimili moto, makasha yakapandanishwa hadi juu, kisha mlango ukazibwa kwa matofali. Hatari kubwa ilikuwa mwanzoni: moto ukiharakishwa, unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kupasua vyombo. Kasha likiwa na ufa, moshi hupenya na sahani hutoka na madoa. Uchomaji wa kwanza ulichukua siku 2 hadi 3, na kupoa kama siku 2 nyingine. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ndiyo iliyoyazima.

Ni kweli kauri yao ina mifupa?
Kweli, tena nusu nzima: mafungu 2 ya majivu ya mifupa ya ng'ombe, 1 la kaolini (ule udongo mweupe), 1 la jiwe la Cornwall. Huchomwa kwenye nyuzi 1,250 hivi za Selsiasi, na hapo hulegea. Kikombe kisiposhikiliwa huenda upande. Zamani kilishindiliwa unga wa gumegume. Wanawake waliousugua unga huo baada ya kuchoma walivuta vumbi lake, mapafu yakaharibika kwa silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mawe. Hicho ni kifo kilichoumiza sana miji hii, nacho kilizuilika: unga wa alumina, ulioingia baadaye, hufanya kazi ileile bila madhara hayo.

Nikifika, nianzie wapi?
Longton, makumbusho ya Gladstone: unaingia ndani ya tanuri lenyewe. Kisha kiwanda cha Middleport, Burslem, ambako nakshi bado huhamishiwa kwenye vyombo kwa karatasi laini, kwa mkono.